Magdalene Odundo, mwanafunzi wa wafinyanzi wa Kwali

Ladi Kwali alipotaka kufinyanga mtungi mkubwa wa maji hakutafuta gurudumu. Alitua donge la udongo mbele yake, akalipiga ngumi katikati, kisha akaanza kulizunguka. Chungu kilisimama, mfinyanzi akatembea. Alikwenda kinyumenyume, kiuno kimeinama, mkono mmoja ndani ya udongo na mwingine nje, akizivuta kuta zipande. Zilipofika mwisho wa nguvu zake alisokota kamba nene za udongo, akaziongeza juu, akazibana na kuzikwangua mpaka kiungo kisionekane, huku miguu ikiendelea na safari yake. Mtungi uliotoka hapo ulikuwa na tumbo pana, shingo ya haja na mduara usio na kasoro, na kipimo chake kilikuwa macho na hatua za yule mama.

Mwaka 1974, katika karakana ya ufinyanzi ya Abuja nchini Nigeria, mmoja wa waliokuja kujifunza kwake na kwa wenzake alikuwa Magdalene Odundo, Mkenya wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo cha sanaa Uingereza. (Abuja hiyo ndiyo Suleja ya leo, jina la zamani lilichukuliwa na makao makuu mapya ya nchi.) Leo Odundo ni miongoni mwa wasanii wa udongo wanaoheshimiwa zaidi duniani. Kazi zake zimo British Museum mjini London, na mwaka 2022 zilikuwa kwenye maonyesho makuu ya Venice. Wasifu wake huandikwa kwa kutaja vyuo na tuzo, na vyuo hivyo vilimjenga kweli. Lakini mimi nashikilia kwamba hatutaielewa kazi yake, wala namna alivyokuja kufundisha wengine, tusipoanza na wale wanawake wa Nigeria ambao hawakuwa na cheti hata kimoja.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, na kazi hiyo iliipeleka familia Delhi, India, ambako binti alisoma kwa muda akiwa mdogo. Waliporudi Kenya alikulia Nairobi na Mombasa. Mafunzo yake ya kwanza ya sanaa aliyapata Kabete, nayo yalikuwa ya grafiki na matangazo ya biashara. Aliajiriwa katika kazi hiyo mjini Nairobi, na ndiyo iliyompeleka Cambridge mwaka 1971: alitaka kuongeza elimu ya uchoraji wa matangazo.

Tukumbuke Kenya ilikuwa na umri gani wakati huo. Uhuru ulikuwa haujafikisha miaka kumi. Kijana aliyejua kuchora alielekezwa kwenye ajira za mjini: mabango, magazeti, vifungashio. Chungu kilikuwa kitu cha nyumbani kwa bibi, cha kuchotea maji na kutulizia pombe. Hakuna aliyemwambia msichana wa Nairobi kwamba mle ndani mna elimu ya kiwango cha juu.

Cambridge ndiko mambo yalikogeuka. Mfinyanzi Zoë Ellison alimtia moyo ajaribu udongo, na udongo ukamkamata. Akawa pia mtu wa makumbusho, na humo alikutana na vyombo vya Afrika vilivyochukuliwa huko nyuma na wakoloni, wamisionari na watafiti: mitungi, vibuyu, vinyago, vimepangwa nyuma ya vioo na vibandiko vidogo vya maelezo. Mwafrika anayesimama mbele ya kabati kama hilo mara ya kwanza huona fahari na uchungu vikimjia pamoja. Odundo alifanya jambo la tatu, akaanza kuuliza vimetengenezwaje.

Swali hilo alikwenda nalo Farnham, kusini mwa England, alikosoma kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 katika chuo kilichokuwa na idara ya ufinyanzi yenye sifa, chini ya Henry Hammond. Hapo ndipo jina la Michael Cardew linapoingia. Cardew alikuwa mwanafunzi wa mwanzo kabisa wa Bernard Leach, mzee aliyeufufua ufinyanzi wa mkono Uingereza. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia alifundisha Achimota, Ghana ya leo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuanzisha karakana ya Abuja. Nia ilikuwa kuwafundisha Waafrika ufinyanzi wa kisasa: gurudumu, joko la moto mkali, na glezi, yaani ule utando wa kioo tunaouona kwenye vikombe na sahani.

Kilichotokea kinafurahisha kukisimulia. Cardew aliona nyumbani kwa Emir wa Abuja mitungi iliyomshangaza kwa uzuri, akaulizia aliyeitengeneza. Alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa Kigwari kutoka kijiji cha Kwali, aliyefunzwa na shangazi yake tangu utotoni. Mwaka 1954 alijiunga na karakana, mwanamke wa kwanza kuingia. Alijifunza glezi na gurudumu, ila mitungi yake mikubwa aliendelea kuifinyanga kama alivyofunzwa na shangazi, kwa kuizunguka, akiichanja mijusi, nge, samaki na mamba. Baadaye alisafiri Uingereza na Marekani, akifinyanga mbele ya hadhira za watu waliosomea kazi hiyo na kuwaacha midomo wazi. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria. Ni nchi chache zilizompa mfinyanzi nafasi hiyo kwenye fedha zake.

Cardew alikwisha kuondoka Abuja mwaka 1965, lakini ndiye aliyemshauri Odundo aende. Kwa hiyo Mkenya alitoka Nairobi, akapita Cambridge na Farnham, ndipo akaelekezwa arudi barani kwake kujifunza kazi ya udongo. Baadhi ya watu huisimulia safari hii kama aibu ya elimu yetu. Mimi naiona zaidi kama kipimo cha akili ya Odundo, kwamba alipofika mbele ya mwanamke asiye na cheti alijua yuko mbele ya profesa.

Magharibi mwa Kenya upo utaratibu unaonisaidia kuielewa safari hiyo. Watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliofanya kazi Nyanza miaka ya 1980, walieleza kwamba mfinyanzi wa Kijaluo kwa kawaida hakufundishwa na mama yake mzazi. Msichana aliolewa kwanza, na akiwa ameolewa katika mji wa wafinyanzi, mama mkwe au mke mwenza ndiye aliyemwingiza kwenye kazi. Alijifunza ukubwani, ugenini, kwa kufuata mikono ya wanawake aliowakuta, na vyungu vyake vikachukua sura ya mji ule aliohamia. Odundo alijifunza Abuja kama mke mgeni wa nyumba ya wafinyanzi. Aliwakuta Ladi Kwali, Asibi Ido na Kande Ushafa, wanawake wa lugha nyingine na desturi nyingine, akawafuata mikono.

Alichochukua kwao ni mbinu, na mbinu hiyo hajaiacha mpaka leo. Hafinyangi kwa gurudumu. Anaanza na donge, analivuta kutoka ndani, anaongeza kamba za udongo, anakwangua kwa vipande vya kibuyu. Safari nyingine ilimfikisha San Ildefonso, New Mexico, kwenye kijiji cha Wahindi Wekundu wa Pueblo ambako Maria Martinez na mumewe Julian walijipatia umaarufu kwa vyungu vyeusi vinavyong'aa. Huko siri ilikuwa moto: chungu kinapokuwa kimeiva, moto unafukiwa kwa samadi iliyosagika, hewa inakatika, na moshi unakitia weusi. Wanawake wa Afrika wanaujua weusi huo kwa njia zao. Baganda waliokuwa wakifinyangia ikulu ya Kabaka walikuwa na vyungu vyeusi vilivyosuguliwa kwa grafaiti mpaka vikametameta kama chuma.

Alirudi shule tena mwaka 1979, safari hii Royal College of Art mjini London, na kumaliza shahada ya uzamili mwaka 1982. Ni katika miaka hiyo ndipo umbo tunalolijua kama la Odundo lilipojitokeza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Udongo anaotumia ni mwekundu, wenye madini ya chuma. Chombo kikishajengwa na kukauka kiasi, kinakwanguliwa hadi ukuta uwe mwembamba, kisha kinasuguliwa kwa kokoto na vyombo vilivyolainika. Kusugua huku si urembo tu. Chembe za udongo ni bapa, na zinapokandamizwa hulala upande mmoja na kuziba vitundu, hivyo ngozi ya chombo hung'aa bila glezi yoyote. Halafu anakipaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa, ule ambao Warumi wa kale waliutumia na wataalamu huuita tera sigilata, na kukisugua tena. Kazi hii huchukua siku nyingi kwa chombo kimoja. Mkono ukibonyeza kupita kiasi, unaacha kovu ambalo moto utalionyesha.

Kisha joko. Katika moto wa kwanza hewa inaingia kwa wingi, chuma kinakutana na oksijeni, na chombo kinatoka na rangi ya chungwa iliyoiva. Vingine huishia hapo. Anavyovitaka vyeusi vinarudi motoni mara ya pili, ndani ya chombo kingine chenye kifuniko, vimezungukwa na maranda na vipande vya mbao. Mbao zinaungua bila hewa ya kutosha, moto wenye njaa unaivuta oksijeni iliyomo kwenye udongo wenyewe, chuma chekundu kinageuka cheusi, na masizi yanajipenyeza katika ngozi. Wakati mwingine moto haufiki sawasawa, na mng'ao wa shaba au wingu la chungwa hubaki ubavuni mwa chombo cheusi. Msanii huelekeza, hawezi kuamuru. Nguvu zote za miezi zinaweza kuishia kwenye ufa mmoja uliofunguka joko likiwa limefungwa.

Ndiyo maana kazi zake ni chache. Na hazina majina ya kishairi. Nyingi huitwa kwa umbo na rangi tu, au haziitwi kitu.

Lakini ukizitazama unaona watu. Kuna tumbo la mjamzito, kuna mgongo uliopinda, kuna shingo inayoinuka na kulala upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Vinundu vidogo vimejipanga ubavuni mahali ambapo ungetarajia kitovu, uti wa mgongo au chuchu. Midomo ya baadhi ya vyombo imepanuka na kuegemea nyuma, na hapo unakumbuka vichwa vilivyorefushwa na misuko ya wanawake wa Mangbetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambayo Odundo ameitazama sana. Ametazama pia kola za mikunjo za Waingereza wa karne ya 16, vyombo vya Ugiriki na Misri ya kale, na sanamu za Ulaya ya karne ya 20. Vyote vinaingia, na hakuna hata kimoja kinachotoka kama nakala.

Vingi havina ulinganifu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipowapita walimu wake bila kuwasaliti. Mtungi wa Ladi Kwali lazima usimame sawa kwa sababu unabebwa kichwani ukiwa umejaa maji. Odundo aliuondolea mtungi mzigo huo, akauliza utakuwa na mwendo gani ukiachiwa huru. Chombo chake kinaegemea mpaka unadhani kitaanguka, na hakianguki, kwa kuwa uzito uliopotea upande huu umelipwa upande ule na tumbo au ukingo wa mdomo. Hilo halijulikani kwa hesabu. Linajulikana kwa kuuzunguka udongo kwa miguu, hatua baada ya hatua, kuutazama kutoka kila upande ukiwa bado mbichi.

Wapo wanaobishana kama hivi ni vyungu au ni sanamu. Mimi nimechoshwa na ubishi huo, kwa sababu unatoka kwa watu waliozoea kukiweka chungu chini na sanamu juu. Vina uwazi ndani, vina mdomo, vina pumzi. Ni vyungu, na ni sanamu, na fundi wa Kwali angevijua mara moja kwa kuvigusa.

Kufundisha alikuanza mapema. Baada ya Farnham, kati ya mwaka 1976 na 1979, alifanya kazi ya ualimu katika Commonwealth Institute mjini London, taasisi iliyowaonyesha Waingereza nchi za Jumuiya ya Madola. Fikiria mwanamke Mkenya kijana, katika jiji lililokuwa likigombana juu ya wahamiaji, akitoa somo la Afrika kwa njia ya udongo. Hakuhitaji hotuba ndefu. Mtoto akishika donge anaelewa upesi kwamba walioweza kufanya hivi walikuwa na akili.

Mwaka 1997 alirudi Farnham kufundisha, chuo kilekile kilichompokea akiwa mwanafunzi, na mwaka 2001 akawa profesa wa ufinyanzi. Chuo hicho baadaye kiliunganishwa na vingine kuwa University for the Creative Arts, na mwaka 2018 Odundo aliteuliwa Mkuu wa Chuo. Malkia Elizabeth alimpa nishani ya OBE mwaka 2008, na mwaka 2020 akatangazwa Dame. Hizo ni heshima, na ni zake kwa haki, ila hazituambii mengi juu ya ualimu wake.

Ualimu wake ulionekana wazi zaidi kwenye maonyesho ya The Journey of Things, yaliyofunguliwa mwaka 2019 katika The Hepworth Wakefield, kisha yakahamia Norwich. Zaidi ya vyombo 50 vya Odundo viliwekwa pamoja na vitu vingi alivyovichagua mwenyewe: vyungu vya Kiafrika, sanamu za Rodin na Barbara Hepworth, nguo, vyombo vya kale. Msanii mwingine wa hadhi yake angetaka kuta nyeupe na kazi zake peke yake. Yeye alimwonyesha mgeni kila alikochota. Mwanafunzi aliyepita pale aliweza kutoka kwenye mtungi wa Ladi Kwali hadi kwenye chombo cheusi cha Odundo kwa hatua chache na kuona lililorithiwa na lililobadilika. Alifanya vivyo hivyo kwenye jumba la makumbusho la Gardiner, Toronto, kuanzia mwaka 2023. Huko ndiko kufundisha, kukataa kuficha chanzo.

Mwenyewe hajaacha kuwa mwanafunzi. Mwaka 2014 alionyesha kazi iitwayo Transition II, vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa hewani, wazo lake likitokana na kipuli kidogo cha Misri ya kale alichokiona makumbusho. Kioo hakikuwa fani yake. Ilimbidi afanye kazi na mafundi wa kioo na kuwategemea. Mwaka 2024 alionyesha Houghton Hall kazi kubwa aliyoifanya na kiwanda cha Wedgwood, ambacho mwasisi wake, Josiah Wedgwood, alitengeneza mwaka 1787 nishani maarufu ya kupinga utumwa.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu jambo hili linanikera na sitaki kulipamba. Ikombe, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyojulikana Nyanda za Juu Kusini nzima. Hakuna gurudumu la mashine wala joko la umeme. Vikishachomwa vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi Matema na kuuzwa kwa bei ambayo mnunuzi bado anaomba ipunguzwe. Nyanza, Pare, Buganda, hadithi inafanana: sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki zimechukua nafasi ya chungu, na binti haoni sababu ya kuketi na mama yake. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na tumeizoea methali hiyo mpaka tunaona ni halali.

Vyuo vyetu vya sanaa vina walimu wazuri. Lakini ni vingapi vinamlipa mama wa Ikombe aje afundishe muhula mmoja, aingie darasani kama mwalimu mwenye mshahara, asiwe kivutio cha siku ya utamaduni? Serikali ya kikoloni, pamoja na mabaya yake yote, ilimweka Ladi Kwali kwenye orodha ya malipo ya karakana. Sisi tunaojitawala tunasubiri nini? Sharti la cheti linaweza kurekebishwa kwa kikao kimoja cha baraza la chuo. Mama aliyekwisha kufa harekebishiki, na mikono yake anazikwa nayo.

Uzi wenyewe haujakatika. Mwaka 2022 London iliona maonyesho yaitwayo Body Vessel Clay, yaliyoandaliwa na Jareh Das, msimamizi wa sanaa mwenye asili ya Nigeria, na baadaye yakahamia York. Yalianza na Ladi Kwali, yakapita kwa Odundo, yakafika kwa wanawake weusi wa kizazi kipya wanaofanya sanaa ya udongo leo. Mmoja wao ni Bisila Noha, msanii mwenye asili ya Hispania na Guinea ya Ikweta anayeishi London. Katika kuchunguza wafinyanzi wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote, Noha amefanya kazi kwa udongo uliotoka Baney, mji wa baba yake.